Nina shilingi 400 kwa siku na watu sita wa kulisha

Swali

Mshauri mpendwa, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 34, na tunaishi Mishomoroni, Mombasa, katika nyumba ya kupanga pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ana maradhi ya presha. Mume wangu ni kibarua bandarini, na kama ujuavyo kazi ya kibarua, kuna wiki anaitwa siku tano na kuna wiki anaitwa siku mbili. Mimi hufua nguo za watu majumbani. Tukishachanganya mapato yetu na kutenga kodi, maji na mahitaji ya shule, kinachobaki kwa ajili ya chakula na makaa ni wastani wa shilingi 400 kwa siku.

Matumizi yangu ni haya. Asubuhi hununua mahamri kumi kwa shilingi 100, maziwa ya pakiti ndogo kwa shilingi 30, sukari robo kilo kwa shilingi 40 na majani ya chai ya shilingi 5. Mchana, watoto wakirudi kutoka shule, huwanunulia mihogo ya karai ya shilingi 40, na sisi wakubwa mara nyingi hushinda na chai iliyobaki. Jioni hununua unga wa sima kilo moja kwa shilingi 75, sukuma wiki ya 20, nyanya na kitunguu vya 20, mafuta ya kupima ya 20 na makaa ya 50. Pesa zinaishia hapo. Siku ambayo mume wangu amelipwa vizuri tunaongeza nyama nusu kilo kwa shilingi 320, na siku inayofuata huwa tunakopa dukani. Deni letu kwenye daftari la duka limefika shilingi 1,850.

Kilichonifanya nikuandikie ni kliniki. Kitindamimba wangu ana miaka miwili na miezi mitatu, na muuguzi ameniambia kwamba uzito wake haujaongezeka kwa miezi miwili, na mstari kwenye kijitabu chake umelala. Nilimwachisha ziwa alipofika mwaka mmoja na nusu. Binti yangu wa miaka 11 naye amekuwa akilalamika kizunguzungu na uchovu, na mwalimu wake amenieleza kwamba husinzia darasani. Jirani amenishauri ninunue unga wa virutubisho unaouzwa shilingi 1,200 kwa kopo moja, akisema kwamba utamnenepesha mtoto kwa mwezi mmoja. Mume wangu, kila nikimpikia maharagwe, husema kwamba hafanyi kazi ngumu namna ile ili aje nyumbani kula chakula cha maskini, na mama mkwe humuunga mkono.

Wiki iliyopita nilipita soko la Kongowea nikaandika bei za kilo moja moja: maharagwe 140, pojo (ndengu) 160, mahindi makavu 60, mtama 80, njugu karanga 220, dagaa wakavu 500. Nazi moja ni 50, yai moja 18, kusaga kilo moja mashineni ni 10, na nauli ya kwenda na kurudi ni 80. Nimezitazama bei hizi usiku nisijue nianzie wapi. Je, kwa pesa hizi inawezekana kweli kuwalisha watu sita chakula chenye afya, au ninajidanganya?

Mama wa Watatu, Mishomoroni

Jibu

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Inawezekana, nami nitakuonyesha kwa hesabu zako mwenyewe, lakini suala la mtoto haliwezi kungoja mpango wa jikoni ukamilike. Wiki hii hii mrudishe kliniki, na uombe apimwe mzingo wa mkono kwa ule utepe wenye rangi, kwa sababu kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano mkono usiofika sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na ulio kati ya 11.5 na 12.5 ni dalili ya utapiamlo wa wastani. Akionekana yuko katika mojawapo ya hali hizo, wahudumu wa kituo cha afya cha umma ndio wanaojua kumwingiza katika matibabu ya lishe na kumpa chakula tiba kinachomfaa. Uliza pia kama amepata vitamini A na dawa ya minyoo, ambavyo mtoto wa umri wake anastahili kupewa kila baada ya miezi sita hadi afikishe miaka mitano. Ukiona miguu yake imevimba, au amekataa kula kabisa, au anaharisha huku ana homa, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mtoto huyu asile tena katika sinia moja na ndugu zake. Mtoto wa miaka miwili hula polepole, na wakubwa zake watakuwa wamemaliza kabla hajashika tonge la tatu, wala hakuna atakayejua kwamba hakushiba. Mpe bakuli lake, umkalishe mtu mzima pembeni yake, na umlishe mara tano kwa siku: milo mitatu pamoja na vitafunio viwili katikati, kama ndizi mbivu au kiazi kitamu cha kuchemsha. Uji wake uwe mzito, wa kutiririka polepole kutoka kwenye kijiko, kwa maana tumbo lake ni dogo na uji mwepesi humjaza maji. Mpe yai moja kila siku. Watu wazima wa nyumba hiyo watavumilia kukosa yai, yeye hawezi.

Kuhusu kopo la jirani, jibu langu ni la. Shilingi 1,200, kwa bei ulizoziandika wewe mwenyewe, ni mayai 66, yaani yai moja kila siku kwa zaidi ya miezi miwili. Kama kuna kirutubisho cha pekee ambacho mtoto anakihitaji, atakuandikia mhudumu wa afya aliyempima, si mtu anayeuza.

Sasa tuje kwenye shilingi 400. Nimezijumlisha tena na tena kwa makini, na jambo moja linajitokeza waziwazi: kifungua kinywa chako kinakula shilingi 175, yaani karibu 44 katika kila shilingi 100 za chakula na makaa. Kwa kiasi hicho mnapata unga mweupe wa ngano uliokaangwa kwenye mafuta, sukari, na maziwa machache ambayo yakigawanywa kwa watu sita hubadilisha rangi ya chai tu. Robo kilo ya sukari kwa siku ni zaidi ya vijiko vinane vya chai kwa kila mmoja wenu, akiwemo mtoto mdogo, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vyema mtu mzima asizidishe takribani vijiko sita. Sikulaumu kwa hili hata kidogo. Chai na mahamri ndiyo asubuhi ya Mombasa, sote tumelelewa nayo, na mahamri hununuliwa kwa sababu yako mlangoni na hayahitaji kuwasha jiko. Hata hivyo, pesa unayoitafuta imejificha hapo.

Badala yake pika uji. Chukua mahindi sehemu mbili na mtama sehemu moja, usage pamoja. Kwa bei zako, kilo moja ya unga huo pamoja na kusaga haifiki shilingi 80. Nusu kilo inawatosha watu sita kwa asubuhi moja. Ongeza gramu 100 za njugu karanga zilizokaangwa na kutwangwa, ambazo ni shilingi 22, na gramu 100 za sukari, ambazo ni shilingi 16. Hata ukiweka na majani ya chai ya rangi kwa wakubwa, asubuhi yenu itagharimu karibu shilingi 80, na uji huo utamfikisha mtoto wa shule mchana akiwa bado ana nguvu, jambo ambalo hamri na chai haviwezi kulifanya. Mahamri msiyafukuze moja kwa moja. Yawekeni Jumapili, yapikwe nyumbani, na yaliwe kwa mbaazi za nazi, kwa kuwa nyumba ambayo haina siku ya kitu kitamu haiwezi kudumu na mpango wowote.

Akiba ya asubuhi ni shilingi 95 kwa siku, yaani 665 kwa wiki. Ukiwa na pesa hizo, ninakuomba ugeuze mpangilio wa ununuzi wako, na hili ndilo jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote katika barua hii. Wengi wetu hununua unga kwanza, kisha kinachobaki ndicho tunachokitafutia kitoweo, na kwa kuwa siku zote kinachobaki ni kidogo, kitoweo huwa ni sukuma na nyanya mbili. Anza upande wa pili. Kunde, yaani maharagwe na pojo, pamoja na dagaa wa wiki nzima vinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote na viwekwe ndani, kwa sababu ni vikavu, haviozi upesi, na unga hautakosa kununuliwa hata siku mtakapokuwa na shilingi 100 tu. Kwa shilingi 665 unapata kilo moja ya maharagwe, kilo moja ya pojo, robo kilo ya dagaa wakavu, mayai saba ya mtoto na nauli ya Kongowea, na bado unabaki na shilingi 34 za ndimu na mchicha.

Najua utaniuliza: mtu anayelipwa kwa siku atapata wapi shilingi 600 kwa mpigo? Hapo ndipo mipango mingi ya lishe inayoandikwa na watu wenye mshahara wa mwezi inapovunjika, kwa maana mnunuzi wa kila siku hanunui kidogo kwa kupenda. Njia yako ni ile siku ya nyama. Mume wako atakapolipwa vizuri safari hii, shilingi 320 za nusu kilo ya nyama, kwa mara moja tu, zigeuzeni ziwe kilo ya maharagwe, robo ya dagaa na nazi moja. Zinatosha na zinabaki shilingi 5. Kapu likishakuwa na kitu ndani, akiba ya asubuhi itakuwa inalijaza kidogo kidogo, leo kilo ya pojo, keshokutwa njugu. Ukipata majirani wawili au watatu mnaoaminiana, mmoja wenu aende sokoni kwa niaba ya wote na nauli igawanywe. Mkinunua pamoja, mnaweza pia kumwomba muuzaji awapunguzie bei.

Unapochagua nafaka na njugu, usivutwe na rundo la bei ya chini lenye punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haitoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa, na katika mwaka wa 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 katika maeneo ya mashariki ya nchi yetu, Kenya. Na kwa hali ya hewa ya pwani yenye unyevunyevu, anika mahindi na njugu zako juani kabla ya kuzihifadhi, kisha uziweke kwenye ndoo kavu yenye kifuniko. Unga wa sima endelea kununua ule wa pakiti kama ufanyavyo, kwa sababu tangu mwaka 2012 sheria inawataka wasagaji wa unga wa pakiti waongeze madini ya chuma, zinki, vitamini A na vitamini za kundi B, na familia isiyokula nyama mara kwa mara inavihitaji virutubisho hivyo.

Kuhusu kupika, hofu yako bila shaka ni makaa, maana maharagwe yana sifa ya kumaliza jiko. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale asubuhi, uyaoshe na uyabandike kwa maji mapya. Kama maji ya kisima chenu ni ya chumvi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya Kisauni, usiyatumie kwa maharagwe; maji yenye chokaa na chumvi nyingi huyachelewesha kuiva, na ile lita mbili za maji matamu utakazotumia ni rahisi kuliko makaa ya ziada. Yachemke kwa moto mkali angalau dakika kumi, jambo ambalo ni la lazima hasa kwa maharagwe mekundu kwa kuwa yasipochemka vizuri yana sumu inayosumbua tumbo, kisha punguza moto. Yakishachemka nusu saa unaweza kuliepua sufuria likiwa limefunikwa vizuri na kulizika ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu na blanketi, likaendelea kuiva kwa joto lake lenyewe wakati jiko linapika kitu kingine. Baadaye lirudishe motoni mpaka lichemke tena ndipo uunge. Pojo haina usumbufu huo, huiva upesi, na ndiyo ninayokushauri upike siku ambazo umechelewa kurudi kazini.

Nusu kilo ya maharagwe makavu, ikishaiva, huzidi mara mbili ya uzito wake na inatosha chakula cha jioni cha watu sita na cha mchana wa siku inayofuata. Lakini usiunge sufuria zima kwa nazi. Katika joto la Mombasa, mchuzi wenye tui huchacha upesi mno, na mtu asiye na friji atamwaga chakula alichokigharamia. Gawa maharagwe yaliyochemshwa kwa chumvi kidogo tu: unga sehemu ya jioni kwa tui, na ile nyingine ichemshe tena kabla ya kulala, uifunike bila kuichokorachokora, uichemshe tena asubuhi na iliwe mchana huo, isivuke hapo. Mchana wa watoto utatoka hapo: siku moja maharagwe kwa muhogo wa kuchemsha, siku nyingine kimanga cha muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, siku nyingine pure ya mahindi na maharagwe. Ule muhogo wa karai, shilingi zake 280 kwa wiki zinakutolea nazi mbili, na 180 zinazobaki ni za muhogo mbichi, viazi vitamu na ndizi mbivu. Nanyi wakubwa mle mchana. Mwanamke anayefua nguo za nyumba mbili kwa chai tupu hawezi kuwa na nguvu za kumlisha mtoto mara tano.

Kilo mbili za kunde ni masufuria manne, basi kuna jioni tatu za kujaza. Mbili ziwe za dagaa. Hawa samaki wadogo hudharauliwa bure. Uzito wao ukiwa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa huwapa watoto madini ya kalisi ambayo vinginevyo mngeyatafuta kwenye maziwa. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili ili watoke mchanga na chumvi, uwakaange kidogo, kisha uwaunge kwa nyanya, kitunguu na ndimu. Gramu 100 zinatosha jioni moja, na zile 50 zinazobaki zikaushe kwenye chungu kikavu, uzitwange, uzichekeche, na uwe unatia kijiko kimoja kwenye chakula cha mtoto mdogo. Jioni ya tatu ni ya mboga na kile Mungu alichojaalia.

Katika mboga, usifungwe na sukuma wiki pekee. Mchicha, mnavu, majani ya kunde na matembele mara nyingi havizidi bei yake. Osha kabla ya kukata, usiloweke majani yaliyokatwakatwa, yapike muda mfupi, na maji yake yaliwe pamoja nayo badala ya kumwagwa. Tia mafuta kidogo au tui, maana vitamini A iliyo kwenye majani hufyonzwa vizuri mwilini pakiwepo mafuta. Kisamvu peke yake ndicho kisichopikwa haraka. Kitwangwe na kichemshwe sana.

Binti yako nina wasiwasi naye pia. Kizunguzungu, uchovu na kusinzia kwa msichana wa miaka 11 vinaweza kuwa dalili za upungufu wa damu, naye yuko katika umri wa kukua haraka na huenda karibu ataanza hedhi. Mpeleke siku ile ile utakayompeleka mdogo wake, apimwe wingi wa damu, na pia malaria na minyoo, kwa sababu huku pwani vyote viwili huimaliza damu ya mtoto hata kama anakula vizuri. Katika chakula chake, chuma iliyo kwenye maharagwe na majani huingia mwilini kwa shida, lakini huingia kwa urahisi zaidi ikiliwa pamoja na kitu kichachu chenye vitamini C, kama ndimu, chungwa au embe, na pia ikichanganywa na samaki au nyama hata kidogo. Kinyume chake, chai inayonywewa pamoja na chakula huizuia. Kwa hiyo kamua ndimu kwenye pojo na mchicha, weka dagaa kumi kwenye sahani ya maharagwe, na chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Mama mkwe apikiwe chakula hicho hicho, ila chumvi iwe kidogo, maana mtu mzima hapaswi kuzidisha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyomo kwenye vidonge vya kuunga mchuzi na kwenye ng'onda, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi. Nazi pia isizidi zile mbili za wiki. Dawa zake asiziache kwa sababu chakula kimebadilika.

Nimemwacha mumeo mwishoni kwa kuwa ndiye atakayeamua kama mpango huu utaishi. Usimwambie kwamba umeshauriwa apunguziwe nyama. Ngoja jioni ambayo hana uchovu mwingi, umwekee mbele kijitabu cha kliniki, umwonyeshe ule mstari uliolala, kisha umwonyeshe hesabu: kilo ya maharagwe ya shilingi 140 ina protini zaidi ya gramu 200, na nusu kilo ya nyama ya shilingi 320 ina karibu gramu 100, yaani kila shilingi inayotumiwa kwenye maharagwe inarudisha protini zaidi ya mara nne. Anaponena kwamba nyama ni bora ana ukweli wake, maana protini yake ni kamili na chuma yake huingia mwilini kwa wepesi, nawe umkubalie hilo bila mabishano. Lakini maharagwe yakiliwa pamoja na sima au wali hukamilishana, na jasho lake linawafaidi watu sita badala ya kuwafurahisha kwa jioni moja. Mwanamume anayebeba mizigo kutwa hatukanwi na sahani ya pojo la nazi lililopikwa kwa kitunguu kilichoiva, pilipili mbuzi na tui zito la mwisho. Anatukanwa na maharagwe ya maji yaliyopikwa kwa kukata tamaa, na wengi wanaoyaita chakula cha maskini wanayakumbuka hayo. Muombe yeye mwenyewe akununulie kilo ya kwanza. Mama mkwe naye mpe nafasi ya mkubwa: muulize jinsi alivyokuwa akipika kunde nyumbani kwao, na umwache aunge yeye.

Baada ya ile nusu kilo ya kwanza kugeuzwa kapu, siku nyingine za malipo mazuri nyama inunuliwe robo kilo kwa shilingi 160, ikatwe vipande vidogo na ipikwe ndani ya pojo au maharagwe ili kila mtu apate, na shilingi 160 za pili zipelekwe dukani siku hiyo hiyo kabla hazijapata kazi nyingine. Baadhi ya safari, badala ya nyama ya kawaida chukueni maini, kwa ajili ya damu ya binti yenu. Kwa kwenda hivyo, deni la shilingi 1,850 litaisha kwa malipo 12. Mwambie mwenye duka mapema kwamba utakuwa unalipa kwa mafungu, na kuanzia sasa, ukilazimika kukopa, kopa unga tu. Sukari, mikate na biskuti visiandikwe tena kwenye daftari lile.